Kasi ya Arobaini na Tano

Eliécer, feni imekufa tena,
na majivu ya miwa yamenyesha juu ya shuka nilizoanika asubuhi.
Hilo la majivu hujalisahau, najua, hata huko uliko.
Cali ni ileile: unafua, mashamba yanaungua, unafua.

Mwaka wa sabini na moja ulikuwa na meza mbili za santuri,
taa moja nyekundu
na wivu.
Ukumbi wa mtaa wa Obrero ulinuka anisi na rangi ya viatu,
nasi wa kiwandani, vidole vimekakamaa kwa gundi,
tulipanga foleni nje, viatu vyeupe kwapani
tusije tukavichafua kabla ya kuvionyesha.

Mabaharia walizileta kutoka Buenaventura,
zimeviringishwa ndani ya mashati yao machafu:
santuri za visiwani, za New York,
za watu ambao majina yao tuliyatamka tupendavyo.
Polepole mno kwetu.
"Hawa wanacheza kama walioshiba," ulisema,
ukakisogeza kile kidude cha chuma
kutoka thelathini na tatu hadi arobaini na tano,
na bendi nzima ikapandwa na wazimu.
Tromboni zikakurupuka kama mbwa waliomwagiwa maji,
ngoma zikaporomoka ngazi,
mwimbaji, mtu mzima na ndevu zake,
akawa mtoto aliyekanyaga kaa la moto.
Na miguu yetu!
Nani angeiona? Ungeona vumbi tu, na weupe ukipita.

Wanasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.
Yetu haikupasuka. Ilipoa tu, kama supu.
Kwenye themanini na tatu, themanini na nne,
zikaja nyimbo za mito na mashuka,
vinanda vya umeme vitamu kama dawa ya kikohozi,
tromboni zimesukumwa nyuma, zinaguna kwa zamu.
Ukajaribu kasi yako.
Wapi! Mpenzi aliyekuwa akibembeleza
akalia kama panya mtegoni,
ukumbi wote ukaangua kicheko.
Nawe ulicheka. Lakini mkono ulibaki juu ya kidude
muda mrefu kuliko kicheko.

Ukauza meza moja. Kisha ya pili.
Ukaenda Yumbo kulinda geti la kiwanda cha saruji,
ukirudi nyusi nyeupe,
na redio ndogo ambayo hukuwahi kuifungua mbele yangu.

Alhamisi iliyopita Yeison, mjukuu wako, alilitoa sanduku uvunguni.
Akachagua ile yenye alama ya kikombe cha kahawa,
ile tuliyoshindia cherehani.
"Bibi, hapa imeandikwa thelathini na tatu."
Akaiweka kama ilivyoandikwa, mtoto mtiifu.
Nikadhani mota inakata roho.
Kumbe ni mwanamume. Sauti nzito, ya chini,
anavuta pumzi kati ya neno na neno.
Tromboni zinaingia moja moja
kama watu wanaofika matangani na hawajui wakae wapi.
Anazika ndugu yake, Eliécer.
Anamwomba mchimba kaburi angoje kidogo,
mama yupo njiani, basi limeharibika.

Kwa wimbo ule nilizungushwa hewani mara nne
nikatua nikicheka, na waamuzi wakasimama.

Sasa nakumbuka mchana,
nikikuletea wali na ndizi za kukaanga, mlango wa nyuma,
kabla ya viti kupangwa.
Kila mara nilisikia mngurumo fulani, mzito,
kisha viatu vyangu vikigonga sakafu,
kisha *tak*, kidude,
na muziki ukakimbia kunipokea.

Nilimwambia Yeison aisogeze hadi arobaini na tano.
Nikasimama. Nikashika kiti.
Hatua tatu, labda nne; goti la kushoto likagoma.
"Irudishe," nikamwambia.
Tukakaa, mimi na yeye na majivu dirishani,
tukangoja basi la yule mama
mpaka sindano ilipofika kwenye karatasi.